Kigoda Nje ya Tanuri

Msinambie mwaijua mofa kwa kuwa mmeionja mara moja harusini. Mofa ya kweli ilikuwa ya Mejumaa, na mimi Sheikha nina haki ya kusema, maana ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa mgongo wa tanuri lake. Miaka yote niliyokaa Mji wa Kale sikununua blanketi. Ikija baridi ya kusi naegemea ukuta wangu naota joto la bure. Ukija mwezi wa kiangazi, nikifungua dirisha nikimtukana: "Mejumaa, wataka kunioka na mimi?" Naye akijibu kule kule aliko, "Nikikuoka wewe nani atakula, shoga? U mchungu!" Ndivyo tulivyoishi.

Kwa asiyejua, mofa ni mkate mdogo wa mviringo, wa unga wa mtama, nao hautiwi siniani. Hubandikwa. Tanuri lenyewe ni la udongo, limekaa kama mtungi mkubwa uliozikwa nusu, moto uko chini tumboni, na mwokaji huinama akatia mkono mzima akaupachika mkate kwenye ukuta wa ndani. Ukizubaa kuutoa, waungua. Ukiwa na pupa, waangukia motoni. Mejumaa hakuwa na unywele hata mmoja kwenye mkono wa kulia tangu usichana wake.

Tanuri alirithi kwa mamake, na mamake naye kwa mamake. Liko katika chumba kidogo cha uwani, chenye mlango wake peke yake unaofungukia kichochoroni. Mejumaa aliolewa akiwa na tanuri na akaachwa akiwa na tanuri. Mumewe alikwenda Jeddah kuendesha lori, akasema atarudi, ikarudi talaka peke yake. Alilia wiki moja, ya pili akafuta macho akakanda unga. Aliachiwa binti mmoja, Mwanakheri, na huyo ndiye aliyekuwa dunia yake yote. Alikuwa na kaka pia, Jamaldin, fundi wa saa, mtu mwema lakini hasira zake zi karibu kama mate ya mdomoni.

Mwanakheri ndiye aliyenifanya nianze kusimulia haya, basi nimseme vizuri. Alikuwa msichana wa miraba minne, mweupe wa meno, mcheshi, mwenye ulimi wa kunishinda hata mimi. Na mkono! Mamake mwenyewe alikiri: mikate ya Mwanakheri ilikaa ukutani imepangana kama vifungo vya kanzu. Lakini mtoto yule alikuwa na pumu tangu utotoni. Mamake alimkataza tanuri mara ngapi? Alimwambia akajifunze cherehani. Yeye akisema, "Mama, nikae chumbani nitazame dari, nawe wafa na kazi?" Hakusikia.

Basi wakapata njia yao. Nje ya mlango wa tanuri, pale kichochoroni, palikuwa na kigoda kifupi cha miguu mitatu. Kilikuwa cha Mwanakheri. Akiinama akabandika mikate ya tanuri zima, kisha mbio nje, anakaa juu ya kigoda, anapumua, anatazama wapita njia na kuwatania. Mikate ikiiva anarudi ndani kuitoa. Watu wa mtaa walizoea kuivuka miguu yake. Mwenye kupita na kikapu cha Marikiti hakukosa kuulizwa amenunua nini na kwa nini amedanganywa bei.

Wakati wa kuni za mikoko, kigoda kile hakikukaliwa sana. Kuni zikiletwa na Menza, Mrabai mmoja wa upande wa Jomvu, mrefu, mpole, akizisukuma kwa mkokoteni mpaka mwanzo wa kichochoro, kisha anazibeba begani. Mkoko ni mti mzito. Ukishika moto hauna maneno mengi, una joto tu. Moshi wake mdogo mno, wapanda mara moja kwenye tundu la paa na kwenda zake. Siku hizo Mwanakheri aliweza kukaa ndani na mamake wakapiga soga mpaka tanuri la tatu la mikate.

Halafu, mwaka wa tisini na saba, serikali ikapiga marufuku kukata mikoko.

Mimi sitasema walikosa. Nani asiyeona jinsi pwani ilivyokuwa ikinyolewa? Menza mwenyewe alituambia mahali alipokuwa akikata akiwa kijana pamebaki matope matupu, na kamba na kaa wamehama. Haya, mikoko isikatwe, na iishi. Lakini hebu nambieni, enyi wenye akili zenu mlioketi mkaiandika amri hiyo: mtu mwenye tanuri atatia nini? Hilo halikuulizwa. Waliondoa kuni wakaenda kula chakula cha mchana. Menza akaja siku ya mwisho mikono mitupu, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, wakinikuta nayo wanifunga." Mejumaa akampa chai na mofa tatu, wakaagana kama watu waliofiwa.

Baada ya hapo tulichoma kila kitu. Mwarobaini, mvinje, makumbi ya nazi, mlango wa zamani wa nyumba ya Jamaldin. Na zaidi ya vyote tulichoma paleti, zile mbao za kubebea mizigo bandarini, maana ndizo zilizopatikana. Zina misumari, zina rangi, zina dawa sijui za kuulia wadudu gani. Kisha ikaja mvua ya El Nino. Nyinyi mwaikumbuka mvua ile? Haikunyesha, ilihamia. Kuta ziliota ukungu, nguo hazikukauka, na mbao zile zikaloa mpaka ndani. Ukizitia motoni zafoka, zalia, zatoa moshi wa manjano mzito usiotaka kupanda. Unatambaa chini, unatoka kwa mlango, unaingia kwangu kwa kila ufa.

Ramadhani iliingia mvua ikiwa bado ipo. Na Ramadhani ndio msimu wa mofa, nani hufuturu bila mofa na mchuzi wa samaki? Kazi iliongezeka maradufu. Mimi nilikuwa naukunja mkeka wangu naswali upande wa pili wa chumba, na hata huko nilikuwa nasikia kikohozi cha Mwanakheri kikipita ukutani. Kikavu, kifupi, kama mtu agongaye mlango wa jirani hafunguliwi. Dawa yake ya kuvuta aliiweka ndani ya leso kiunoni. Alikuwa anabandika mikate michache tu, anatoka kukaa kigodani. Anabandika tena, anatoka tena.

Siku moja katika mwezi huo huo akapita mtu na kipaza sauti. Alisema kwamba kuna kanuni mpya ya serikali juu ya moshi. Matanuri ya kuni ya Mji wa Kale hayataruhusiwa tena. Lakini, na hapa wote tulitoa vichwa madirishani, mradi wa serikali utampa kila mwenye tanuri linalofanya kazi kichomeo cha gesi, kiwekwe chini ndani ya tanuri lile lile la udongo, bure. Maofisa watapita kuyakagua na kutia alama milangoni. Duara kwa wale watakaopewa.

Mwanakheri alikuwa kigodani. Aliruka akaingia ndani, nikamsikia ukutani, sauti yote ya furaha: "Mama, wasikia? Gesi! Gesi ikija, nitakaa ndani kutwa! Kigoda hiki nitakiingiza ndani, na wewe utachoka na maneno yangu."

"Nimeshachoka nayo," mamake akamjibu, na wakacheka wote wawili mpaka mtoto akaanza kukohoa.

Idd ikaja, ikapita. Wiki moja baadaye, baada ya alasiri, Mwanakheri alibandika mikate akatoka nje kama desturi. Mejumaa alikuwa akikanda. Harufu ya mkate kuiva ikatoka, kisha harufu ya mkate kuungua. Nikamsikia akiita, "Mwanakheri, mikate!" Akaita tena: "We mtoto, mikate yaungua!" Mimi nikatazama dirishani. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani, dawa imeanguka kwenye maji ya mvua karibu na mguu wake. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sijui nilipiga yowe gani, lakini watu walitoka nyumba zote. Kichochoro chetu gari haliingii, wakamweka kwenye kiti wakambeba mbio mpaka barabarani. Hakufika jua kuchwa.

Mungu amrehemu. Haya, subirini kidogo nifute macho, kisha niwaambie yaliyofuata.

Kwetu, nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Mpaka matanga yaanuliwe siku ya tatu, majirani ndio wanaopika na kuleta. Wafiwa hawapulizi hata jiko la chai. Basi tanuri la Mejumaa, ambalo halikuwahi kupoa tangu enzi za bibi yake isipokuwa kwa kifo, likazimwa. Sisi wanawake tukalisafisha, tukafunika mdomo wake kwa sinia kubwa, juu yake tukapanga masahani ya watu. Chumba kile tukakifanya ghala la mikeka na masufuria ya kuazima. Ungekiona usingedhani pamepikwa hapo mwaka mzima.

Na siku ya pili ya matanga, wenzangu, ndiyo siku aliyokuja ofisa wa mradi.

Jina lake Mutunga, mtu wa bara, kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka lakata. Huko kwao, alituambia baadaye, penye msiba kuna nyimbo na vilio. Hapa kwetu alikuta wanaume wamekaa barazani wametulia, wamevaa kanzu safi, wananong'ona na kunywa kahawa. Akadhani ni kikao chao cha kila siku. Nao walipomwona akija na heshima zake, amevua kofia, wakadhani amekuja kuhani, kutoa pole, labda ni mteja wa saa wa Jamaldin. Wakamsogelea, wakampisha akae, wakamtilia kahawa. Akanywa. Akasifu kahawa! Wakamwona mtu wa ajabu kidogo, lakini mgeni wa msiba haulizwi swali.

Alipomaliza kikombe akasema, "Wazee, hapa ndipo kwenye tanuri la mkate?"

Jamaldin akamtazama. "Ndipo."

"Naweza kuliona?"

Jamani, mtu kamzika mpwa wake jana, udongo haujakauka, aja mtu aulizia mkate! Jamaldin akameza hasira zake kwa ajili ya mahali, akainuka, akazunguka kichochoroni akasukuma mlango. Mutunga akachungulia. Akaona mikeka, masufuria, sinia, masahani.

"Halitumiki?"

"Limezimwa," akasema Jamaldin. "Sasa, bwana, kama umeshaliona."

Angalisema neno moja tu, tumefiwa, mambo yote yangekuwa mengine. Lakini aliona yule mtu alikuwa amekaa katika msiba akanywa kahawa ya msiba, sasa aelezwe nini tena? Mutunga naye akashukuru, akatoa chaki mfukoni, akauchora mlango. Si duara. Alichora ile alama ya kosa anayoitia mwalimu kwenye daftari la mtoto, mistari miwili iliyokatana. Kisha akaenda zake kwa matanuri mengine mtaani, akayakuta yanafuka, akayapa duara.

Mejumaa aliiona alama ile matanga yalipoanuliwa, alipotoka nje mara ya kwanza. Alikitazama kigoda, akautazama mlango, akarudi ndani. Watu walianza kumwambia awashe, maisha yaendelee, wateja wanauliza. Akasema hawashi. Zile paleti zilikuwa zimebaki pembeni mwa chumba nyuma ya mikeka, zimepangwa vizuri na mkono wa Mwanakheri mwenyewe, kubwa chini ndogo juu. Akasema, "Sheikha, mbao zile sizitii moto tena maisha yangu. Lakini nataka ile gesi. Sitaki kwa ajili ya biashara, hata nisioke mkate mmoja. Nataka iingie katika tanuri lile kama alivyosema mwanangu. Nikimkosesha na hiyo, nitakuwa nimemfanyia nini?"

Basi hilo ndilo alilolitaka duniani, na hakutaka jingine. Mimi nikamwambia vaa buibui twende.

Ofisi ya mradi ilikuwa Kizingo, katika nyumba moja kubwa yenye miti mpaka barabarani. Kizingo watu huenda kwa gari. Sisi tulikwenda kwa miguu, jua utosini, na mbwa wa kila lango alitubwekea zamu yake. Tukamkuta Mutunga mezani. Nilikuwa nimejipanga kumtukana tangu Ngomeni. Nikaanza, "Wewe ndiye uliyekunywa kahawa ya maiti ukatuandikia kosa mlangoni?"

Yule kijana hakuelewa. Mejumaa akanishika mkono, akamweleza yeye, polepole. Kwamba siku ile kulikuwa na msiba. Kwamba kwetu moto huzimwa. Kwamba aliyekufa ni binti yake, na alikufa kwa kifua, kwa moshi. Nilimwona Mutunga akishuka rangi neno kwa neno. Alisimama, akaondoka nyuma ya meza, akasema, "Mama, pole. Pole sana, Mama. Mimi sikujua. Nilidhani... walinikaribisha vizuri sana." Akashika kichwa.

"Basi futa ile alama," nikasema.

Akatuambia hawezi. Watu walikuwa wamesikia habari za gesi ya bure, wakaanza kufinyanga matanuri ya uongo wiki ile ile, udongo mbichi, hayajawahi kuoka hata mhogo. Mkubwa wake ametoa amri: tanuri lililotiwa kosa halibadilishwi mpaka ofisa aje alione kwa macho yake linawaka kuni na linatoa moshi. Akija akalikuta baridi, basi, limefutwa. Na vichomeo vyenyewe vimebaki vichache.

"Yaani," akasema Mejumaa, "nikitaka moto usio na moshi, sharti kwanza nikuoneshe moshi."

"Ndivyo kanuni ilivyo, Mama."

"Wa kuni."

"Wa kuni, Mama."

Akajitanda buibui, tukaondoka. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele.

Alikataa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia ni moto wa mara moja tu, shoga, roho ngumu, funga macho. Alinigeukia akanambia, "Wewe hukuzaa, Sheikha, huwezi kujua." Neno lile liliniingia hapa, kwa sababu ni kweli sikuzaa. Tukanuniana. Ukuta kati yetu ulikuwa baridi, nikatafuta shuka nzito ya kujifunika.

Aliyetupatanisha ni Menza. Habari za kifo zilimfikia zimechelewa, akaja kuhani, na begani alikuwa na boriti moja kuukuu, nyeusi kwa moshi wa miaka. Ni mkoko. Aliutoa kwenye paa la jiko lake mwenyewe. Akauweka chini mbele ya Mejumaa akasema, "Mama, nimesikia wataka kuwasha mara moja wakuone. Washa na huu. Hautaleta moshi wa kukusumbua."

Jamaldin alikuwepo, akapiga kelele: wewe wataka dada yangu afungwe? Ofisa aje amkute na mkoko? Menza akainama kama mtu aliyeiba. Lakini Mejumaa hakuwa akimsikiliza kaka yake. Aliipapasa ile boriti, akamshukuru Menza, akamwomba airudishe paani kwake kabla mvua haijamkuta.

"Huu hautoi moshi," akasema. "Na wao wanataka moshi. Basi nitawasha zile zile. Zile alizozipanga yeye. Waje waone alichokuwa akikivuta." Akanitazama mimi. "Sheikha, utakaa nami?"

"Nitakaa wapi kwengine," nikasema, na tukalia pamoja, na Menza akalia, na Jamaldin akatoka nje akajifanya atazama saa.

Tukampelekea Mutunga habari, akaja asubuhi. Tuliondoa sinia, tukaondoa kila cha watu. Mejumaa alijifunga leso, akapiga magoti, akazitoa zile mbao moja moja kutoka juu, jinsi zilivyopangwa. Kila moja aliishika kidogo kabla hajaitia. Alipowasha kiberiti, cha kwanza kikazimika. Cha pili kikashika.

Kwanza zililia. Kisha ukatoka. Ule ule wa manjano, mzito, wenye uchungu wa rangi na dawa, ukajaa tanuri, ukafurika, ukashuka sakafuni, ukatupanda miguuni. Mimi nikafunika uso kwa buibui. Mutunga alistahimili kidogo, akakohoa, akakohoa tena, akasema, "Inatosha, Mama, nimeona, zima!"

"Bado," akasema Mejumaa. Alikuwa amesimama katikati ya moshi ule wima, macho mekundu yanachuruzika, hakohoi. "Bado hujaona, mwanangu. Yeye alikuwa akibandika mikate sasa. Ngoja."

Kijana wa watu akashindwa. Alipapasa mlango, akatoka mbio, na mbele ya mlango akaona kigoda, akakiangukia. Akakaa pale, ameinama, anavuta pumzi kwa nguvu, shati lake la pasi limejaa masizi. Mejumaa akatoka nyuma yake. Alipomwona pale alipokaa, alisimama ghafla. Nilidhani atampigia kelele. Akamwambia, kwa upole ambao sikuuweza mimi, "Kaa, baba. Usiinuke. Hapo ndipo alipokuwa akipumulia."

Mutunga akainuka kama aliyeketi juu ya kaa la moto. Hakujua aangalie wapi. Akatoa kitambaa chake mfukoni, akaifuta ile alama ya chaki, akaifuta mpaka mbao za mlango zikang'aa, akachora duara. Kisha akatuaga, akaenda, na pale pembeni mwa kichochoro nikamwona amesimama ameegemea ukuta, kofia usoni.

Gesi ilikuja. Wapo wasiosadiki serikali yoyote, nami ni mmoja wao, lakini ya Mungu yote, ilikuja. Walikuja mafundi wawili, wakateremsha kichomeo chini ya tanuri, wakavuta bomba, wakaonesha jinsi ya kufungua na kufunga. Mtaa mzima ulijaa mlangoni. Fundi akawasha. Moto ukatoka buluu, mdogo, mtulivu, unanong'ona tu. Tulingoja moshi. Hapakuwa na moshi. Mtu mmoja akasema mashallah, wengine wakaitikia.

Watu walipotawanyika tulibaki mimi na yeye. Alikuwa amekanda unga tangu alfajiri, na akabandika mikate tanuri zima, polepole, amepanga kama vifungo vya kanzu. Hewa ndani ya chumba kile ilikuwa safi mpaka nilisikia harufu ya mtama mbichi ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote. Nikasema, "Mejumaa, hebu vuta pumzi." Alifuta mikono, akatoka nje.

Alirudi na kigoda. Alikifuta vumbi kwa upindo wa leso, miguu yote mitatu, akakiweka karibu kabisa na tanuri, mahali ambapo mtu akikaa joto lingemfikia magotini. Akakisogeza kidogo kushoto, kikakaa sawa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kaa ndani kutwa."

Kisha akaketi sakafuni kando ya kile kigoda, akaweka kichwa chake juu yake, na mimi nikaketi nyuma yake nikamshika mabega. Harufu ya mkate kuiva ikaja, kisha harufu ya mkate kuungua. Hakuna aliyeinuka kuitoa mikate.